Menyu za Access zimepotea baada ya kupandisha toleo: namna ya kuzirudisha

Ofisi imenunua kompyuta mpya, Access 2003, programu ya hifadhidata ya Microsoft, imeachwa kwenye mashine ya zamani, na faili la .mdb lililofanya kazi miaka kumi na zaidi linafunguliwa kwa mara ya kwanza kwenye Access ya sasa. Data yote ipo na fomu zinafunguka. Ila pale juu palipokuwa na «Mauzo», «Stoo», «Ripoti» na «Funga Siku» pamekaa utepe wa Microsoft, na karani anauliza atatoaje ankara.

Chanzo ni kimoja. Hadi Access 2003, menyu na pau za zana ziliendeshwa na mfumo uitwao CommandBars. Mwaka 2007 Microsoft ikaleta utepe, yaani Ribbon, pamoja na aina mpya ya faili, .accdb. Mfumo wa zamani haukufutwa. Ulisogezwa pembeni, na dirisha la kuuhariri kwa kipanya, lile la «View > Toolbars > Customize», likaondolewa kabisa. Menyu yako bado inaweza kuwa ndani ya faili, mzima wa afya, ila huna mlango wa kuifikia.

Kabla ya kugusa chochote, tengeneza nakala mbili za faili la asili na uziweke mbali na folda ya kazi. Kama bado kuna mashine moja yenye Access 2003, usiifute leo, maana utaihitaji kuangalia menyu ilikuwa na sura gani. Kama ulichonacho ni .mde tu, yaani nakala iliyofungwa msimbo, anza kumtafuta mwenye .mdb ya asili: .mde haigeuzwi kuwa .accdb, na msimbo wake haufunguki kuhaririwa. Na kama faili ni la Access 97, Access 2013 na matoleo yaliyofuata yanakataa kulifungua. Ligeuze kwanza kwa Access 2003, 2007 au 2010, ndipo uendelee.

Tambua kwanza ni tatizo gani

Watu hupoteza siku nzima wakitengeneza upya menyu ambayo haikupotea. Matatizo ni matatu na hayafanani: menyu haimo kabisa kwenye faili; imo lakini imehamishwa; au inaonekana lakini ukiibofya haifanyi kitu. Kipimo cha dakika mbili kitakuambia uko wapi.

Fungua faili huku umeshikilia Shift ili programu ya kuanzia isijiendeshe. Bonyeza Alt+F11 kuingia kwenye kihariri cha VBA, lugha ya msimbo ya Access, chagua «Insert > Module», kisha bandika hii:

```
Public Sub OrodheshaMenyu()
    Dim cb As Object
    For Each cb In CommandBars
        If Not cb.BuiltIn Then
            Debug.Print cb.Name, cb.Type
            PitiaVitufe cb.Controls, 1
        End If
    Next
End Sub

Private Sub PitiaVitufe(vitufe As Object, kina As Integer)
    Dim c As Object
    For Each c In vitufe
        Debug.Print Space(kina * 3) & c.Caption & " | " & c.Id & " | " & c.OnAction
        If c.Type = 10 Then PitiaVitufe c.Controls, kina + 1
    Next
End Sub
```

Bonyeza Ctrl+G kufungua dirisha la Immediate, andika `OrodheshaMenyu`, piga Enter. Kila menyu iliyotengenezwa kwa mkono itajiorodhesha pamoja na vitufe vyake. Namba iliyo kando ya jina la menyu inaonyesha aina: 0 ni upau wa zana, 1 ni upau wa menyu, 2 ni menyu ya kubofya kulia. Kwenye mistari ya vitufe, namba ya katikati ikiwa 1 kitufe ni chako. Ikiwa nyingine, ni amri ya Access yenyewe iliyoburutwa ndani ya menyu yako, kwa mfano 19 ni «Copy», 21 ni «Cut» na 22 ni «Paste». Mwisho wa mstari ni kile kinachoitwa kitufe kikibofywa.

Nakili orodha hiyo yote, ibandike kwenye faili la maandishi, uihifadhi. Ndiyo ramani ya kazi yote iliyobaki. Dirisha la Immediate hubakiza mistari kama 200 tu, kwa hiyo menyu ikiwa ndefu andika kwenye faili moja kwa moja kwa kubadili `Debug.Print` kuwa `Print #1`, baada ya kufungua faili kwa `Open`.

Orodha ikitoka tupu, menyu haimo. Ikitoka imejaa, ruka sehemu inayofuata.

Menyu haimo kwenye faili

Karibu kila mara sababu ni hii: mtu alifungua .accdb mpya tupu akaingiza majedwali, fomu, ripoti na moduli kutoka .mdb ya zamani. Ni njia nzuri ya kuhama, lakini uingizaji huo hauchukui menyu mpaka uuambie. Irudie hivi:

1. Fungua .accdb mpya, nenda «External Data», chagua kuingiza kutoka Access. Kwenye matoleo ya karibuni utapita «New Data Source > From Database > Access».
2. Chagua .mdb ya zamani na uache alama kwenye «Import tables, queries, forms…».
3. Dirisha la «Import Objects» likifunguka, usichague kitu chochote kwenye orodha. Bonyeza «Options >>» pale pembeni.
4. Chini ya «Import» weka tiki kwenye «Menus and Toolbars», kisha «OK».
5. Funga faili, lifungue tena, endesha `OrodheshaMenyu`.

Menyu yenye jina ambalo tayari limo ndani ya faili haibadilishwi. Kama ulishaingiza toleo bovu, lifute kwanza kwa kuandika `CommandBars("jina").Delete` kwenye Immediate.

Mipangilio ya kuanzia, yaani ni menyu ipi ijitokeze faili linapofunguka, haiingii kwa njia hii hata ukiweka tiki kila mahali. Inakaa kwenye sifa za hifadhidata yenyewe, na itabidi uiweke upya kwa mkono. Aliyegeuza faili kwa «Save As» kwenda .accdb hana shida ya kuingiza menyu, kwa sababu zimeenda pamoja na faili.

Menyu imo lakini haipo mahali pake

Tazama utepe: kuna kichupo kinaitwa «Add-Ins». Kibofye. Upau wako wa menyu upo humo, kwenye kundi la «Menu Commands», na pau za zana zipo kwenye «Custom Toolbars». Zinafanya kazi vilevile, ila mtumiaji lazima abofye mara moja zaidi, na kila anapohamia fomu nyingine utepe unaweza kuruka kwenda «Home». Kwa ofisi ya watu wawili hilo linavumilika. Kwa kaunta yenye foleni, halivumiliki.

Kichupo cha «Add-Ins» hakionekani? Maana yake hakuna menyu iliyoombwa ijitokeze. Pima kwenye Immediate:

```
? CurrentDb.Properties("StartupMenuBar")
```

Ukijibiwa kosa 3270, sifa hiyo haijawekwa kabisa. Iweke mara moja:

```
Public Sub WekaMenyuYaKuanzia()
    Dim db As DAO.Database
    Set db = CurrentDb
    On Error Resume Next
    db.Properties.Delete "StartupMenuBar"
    On Error GoTo 0
    db.Properties.Append db.CreateProperty("StartupMenuBar", dbText, "mnuKuu")
End Sub
```

Badala ya `mnuKuu` andika jina lililotoka kwenye orodha yako, herufi kwa herufi. Funga faili, lifungue.

Kuna mpangilio wa zamani unaowashangaza wengi. Faili la .mdb ambalo kwenye Access 2003 lilikuwa na menyu yake ya kuanzia, na «Allow Full Menus» pamoja na «Allow Built-in Toolbars» zimeondolewa tiki, likifunguliwa kwenye Access 2007 halionyeshi utepe kabisa. Linaonyesha menyu yako juu, kama zamani. Ndiyo maana ofisi mbili zenye programu ileile hupata matokeo tofauti. Kama unataka kununua muda, hiyo ndiyo njia rahisi kuliko zote: acha faili liwe .mdb na uondoe tiki hizo mbili. Usiifanye nyumba ya kudumu, kwa sababu huwezi tena kuhariri menyu hiyo kwa kipanya. Kila badiliko litakuwa la msimbo.

Menyu inaonekana, ukibofya hakuna kinachotokea

Hapa ndipo kazi ilipo. Fuata mpangilio huu, maana kosa la juu huficha la chini.

*Usalama.* Tangu Access 2007, faili lililo nje ya folda inayoaminika hufunguliwa na msimbo umezimwa. Utaona mstari wa onyo chini ya utepe, au hutauona kama mtu ameuzima. Menyu inaonekana, vitufe havina uhai. Nenda «File > Options > Trust Center > Trust Center Settings > Trusted Locations», ongeza folda ya programu. Kama folda iko kwenye seva, lazima pia uweke tiki ya kuruhusu maeneo ya mtandao, lakini ni bora kila mtumiaji awe na nakala yake ya faili la fomu kwenye kompyuta yake, na seva ibaki na data tu. Usikimbilie kushusha usalama wote kwa «Enable all macros»: unafungua mlango kwa kila faili litakaloingia kwa barua pepe.

*Marejeleo.* Kwenye kihariri cha VBA fungua «Tools > References». Mstari wowote unaoanza na «MISSING:» unatosha kuua menyu yote, hata kama maktaba hiyo inatumika kwenye kitufe kimoja tu, kwa sababu VBA ikikosa maktaba hushindwa kutambua hata vitu vya kawaida kama `Left` na `Date`. Ondoa tiki. Kama msimbo unaihitaji, tafuta toleo jipya la maktaba hiyohiyo. Faili la .accdb linatakiwa kutumia maktaba ya injini ya Access inayokuja na Office, si DAO 3.6 ya zamani; zikiwemo zote mbili, ondoa ya zamani.

*Kompaili.* Chagua «Debug > Compile». Usiendelee mpaka neno hilo lififie lenyewe bila kosa. Kwenye Access ya biti 64, ambayo tangu Office 2019 ndiyo hujisakinisha usipochagua, kosa la kwanza huwa ni kuhusu `Declare` zisizo na `PtrSafe`. Ongeza neno hilo:

```
Private Declare PtrSafe Function GetUserName Lib "advapi32.dll" _
    Alias "GetUserNameA" (ByVal lpBuffer As String, nSize As Long) As Long
```

Usibadilishe kila `Long` kuwa `LongPtr` kwa pupa. Kinachobadilika ni kile kinachobeba anwani ya kumbukumbu au kitambulisho cha dirisha, mfano `hwnd`. Hesabu ya kawaida, kama `nSize` hapo juu, inabaki `Long`.

*Jina linaloitwa.* Chukua ramani yako. Kila kitufe chenye `=FunguaAnkara()` mwishoni kinahitaji `Public Function FunguaAnkara()` ndani ya moduli ya kawaida. Lazima iwe Function; `Sub` haitaitikia. Moduli nayo isiitwe `FunguaAnkara`, kwa sababu Access itaikuta moduli kabla ya kazi yenyewe. Kitufe chenye jina pekee, bila = wala mabano, mfano `mcrMenyu.FungaSiku`, kinaita makro, na makro nazo husahaulika wakati wa kuingiza vitu.

*Nani ameingia.* Hili halitoi kosa lolote, na ndilo baya kuliko yote. Programu nyingi za zamani zilitumia faili la .mdw kutenganisha watumiaji: meneja anaona «Futa Ankara», karani haoni. Usalama huo haupo kwenye .accdb. `CurrentUser()` humo hurudisha «Admin» kwa kila mtu. Kwa hiyo msimbo wa `If CurrentUser() = "Meneja"` huwaficha wote menyu ile, au, ulipoandikwa kwa kinyume, huwafungulia wote. Tafuta neno `CurrentUser` kwenye mradi mzima kwa Ctrl+F ukiwa umechagua «Current Project», kisha uweke fomu ya kuingia inayoandika kikundi cha mtumiaji kwenye `TempVars`. Faida yake: ndani ya .accdb, `TempVars` hazifutiki msimbo ukivunjika kwa kosa, tofauti na vigeu vya kawaida. Lakini usijidanganye kwamba kuficha kitufe ni ulinzi. Anayejua kushika Shift atafika kwenye majedwali. Siri halisi zikae kwenye seva yenye nywila zake.

Menyu za kubofya kulia

Habari njema: hizi bado zinaungwa mkono hata ndani ya .accdb, na ndizo pekee ambazo hatushauri uzigeuze. Fungua fomu kwenye mwonekano wa usanifu, nenda kichupo cha «Other» kwenye orodha ya sifa, hakikisha «Shortcut Menu» ni Yes na jina la menyu limeandikwa kwenye «Shortcut Menu Bar». Sifa hiyo ya pili mara nyingine hubaki na jina la menyu ambayo haikuingizwa, na hapo ndipo kubofya kulia kunaleta kosa au hakuleti kitu.

Wanaotumia Access Runtime, ile ya bure, wana tatizo la ziada. Runtime haina utepe wa kawaida wala menyu za kubofya kulia za Access. Yule mzee wa stoo aliyezoea kubofya kulia kupanga au kunakili anajikuta mikono mitupu. Mtengenezee yake:

```
Public Sub UndaMenyuYaStoo()
    Dim cb As Object, c As Object
    On Error Resume Next
    CommandBars("mnuStoo").Delete
    On Error GoTo 0
    Set cb = CommandBars.Add("mnuStoo", 5, False, False)
    cb.Controls.Add 1, 19
    cb.Controls.Add 1, 22
    Set c = cb.Controls.Add(1)
    c.Caption = "Fungua kadi ya bidhaa"
    c.OnAction = "=FunguaKadi()"
    c.BeginGroup = True
End Sub
```

Namba 5 ndiyo inayoifanya iwe ya kubofya kulia. `False` ya mwisho huifanya ihifadhiwe ndani ya faili. Ukiweka `True` itatoweka Access ikifungwa, na utalazimika kuiunda kila asubuhi. Iendeshe mara moja, kisha andika `mnuStoo` kwenye sifa ya fomu. Kwa kuwa vitu vimetangazwa kama `Object`, huhitaji rejeleo la maktaba ya Office, na msimbo huuhuu utakwenda kwenye mashine zenye matoleo tofauti.

Kugeuza menyu kuu kuwa utepe

Menyu kuu, kwa upande wake, ihamishie kwenye utepe. Kaa na ramani yako, chora kichupo kimoja au viwili, usinakili kila kitufe cha mwaka 2001. Waulize wanaotumia: nusu ya vitufe huenda havijabofywa tangu vilipowekwa.

Tengeneza jedwali liitwalo `USysRibbons`, kwa herufi hizo hasa, lenye sehemu tatu: `ID` ya namba inayojiongeza, `RibbonName` ya maandishi mafupi, na `RibbonXML` ya maandishi marefu. Ukilihifadhi litajificha, kwa sababu majina yanayoanza na `USys` huchukuliwa kuwa ya mfumo. Bofya kulia juu ya orodha ya vitu upande wa kushoto, «Navigation Options», weka tiki «Show System Objects», nalo litarudi.

Kabla ya kuandika mstari mmoja wa XML, lugha ya alama inayouchora utepe, fungua «File > Options > Client Settings», shuka hadi «General», weka tiki «Show add-in user interface errors». Bila hiyo, kosa dogo kwenye XML hunyamaza, utepe hauji, na wewe hujui kwa nini.

Safu moja ya jedwali, `RibbonName` ikiwa `Kuu`, na ndani ya `RibbonXML` hii:

```
<customUI xmlns="http://schemas.microsoft.com/office/2006/01/customui" onLoad="UtepeUmepakiwa">
  <ribbon startFromScratch="true">
    <tabs>
      <tab id="tabKazi" label="Kazi za Siku">
        <group id="grpMauzo" label="Mauzo">
          <button id="btnAnkara" label="Ankara Mpya" size="large"
                  imageMso="HappyFace" tag="frmAnkara" onAction="Bonyeza"/>
          <button id="btnFuta" label="Futa Ankara" tag="frmFuta"
                  onAction="Bonyeza" getVisible="Onyesha"/>
        </group>
      </tab>
    </tabs>
  </ribbon>
</customUI>
```

Uso wa tabasamu wa `HappyFace` ni wa majaribio tu, utaubadilisha baadaye. Namba za picha za zamani, `FaceId`, hazitumiki huku. Anwani ya 2006/01 inasomwa na Access 2007 na zote zilizofuata. Ile ya 2009/07 inahitajika tu ukitaka kugusa ukurasa wa «File» wa Access 2010 na kuendelea, na Access 2007 haiielewi.

XML haisamehe. `onAction` si `onaction`. Kila `id` ni ya pekee, haina nafasi, haianzi na tarakimu. Alama ya & ndani ya jina, kama «Stoo & Ghala», iandikwe `&amp;&amp;`: mara moja ili XML iikubali, mara ya pili ili utepe usiichukue kuwa alama ya herufi ya mkato.

Kisha moduli:

```
Public gUtepe As IRibbonUI

Public Sub UtepeUmepakiwa(ribbon As IRibbonUI)
    Set gUtepe = ribbon
End Sub

Public Sub Bonyeza(control As IRibbonControl)
    DoCmd.OpenForm control.Tag
End Sub

Public Sub Onyesha(control As IRibbonControl, ByRef visible)
    visible = (Nz(TempVars("Kikundi"), "") = "Meneja")
End Sub
```

Hapa rejeleo la «Microsoft Office xx.0 Object Library» ni la lazima, vinginevyo `IRibbonControl` haijulikani. Ujumbe wa kwamba Access haiwezi kuendesha «macro or callback function» una maana mbili tu: jina halilingani, au hoja zilizo kwenye mabano si zile utepe unazotarajia. Mara nyingi mtu ameleta Function ya zamani isiyo na hoja. Hiyo unaweza kuiita bila kuibadilisha kwa kuandika `onAction="=FunguaAnkara()"`, na kwa programu kubwa yenye vitufe themanini hii inaokoa siku kadhaa.

Funga faili, lifungue, nenda «File > Options > Current Database», chagua `Kuu` kwenye «Ribbon Name», kisha funga na kufungua tena. Naam, mara mbili: jina halionekani kwenye orodha mpaka faili lisome jedwali linapofunguka, na kila badiliko la XML linahitaji kufunga na kufungua.

Zingatia kwamba utepe hupakiwa faili linapofunguka, kabla mtu hajaingia jina na nywila. `Onyesha` huulizwa mapema, `Kikundi` bado hakina kitu, na kitufe cha meneja hujificha. Baada ya kuingia, fomu yako iite `gUtepe.Invalidate` ili maswali yaulizwe upya. Na kama kosa lisiloshikwa likivunja msimbo katikati ya siku, `gUtepe` hubaki tupu na `Invalidate` itafeli mpaka faili lifunguliwe upya, kwa hiyo tanguliza `If Not gUtepe Is Nothing Then`, na weka mitego ya makosa kwenye kila kazi inayoitwa na menyu.

Ripoti zisizochapika

`startFromScratch="true"` huondoa kila kitu cha Microsoft, pamoja na kichupo cha «Print Preview». Siku ya kwanza kila mtu atafurahia skrini safi. Mchana mtu atafungua ripoti na hataona pa kuichapisha wala pa kuifunga. Ongeza safu ya pili kwenye `USysRibbons`, iite `Ripoti`, yenye kiini hiki ndani ya `<group>`:

```
<button idMso="PrintDialogAccess" size="large"/>
<button idMso="PrintPreviewClose" size="large"/>
```

Hivi ni vitufe vya Access yenyewe, havihitaji msimbo. Fungua kila ripoti kwenye mwonekano wa usanifu na uandike `Ripoti` kwenye sifa ya «Ribbon Name». Kuna ripoti arobaini? Kitanzi kifupi cha VBA kinachofungua kila moja kwa `acViewDesign`, kinachoweka `.RibbonName` na kuhifadhi, kitamaliza kazi hiyo haraka kuliko wewe kupika chai.

Kabla ya kugawa

Badili jina la nakala moja kutoka .accdb kuwa .accdr. Access itajifanya Runtime, na utaona hasa atakachokiona mtumiaji. Bofya kila kitufe, kulia na kushoto, ukiwa umeingia kama karani kisha kama meneja.

Ukigeuza kuwa .accde, yaani .accdb iliyofungwa msimbo, kumbuka kwamba iliyotengenezwa kwenye Access ya biti 32 haifunguki kwenye ya biti 64, na kinyume chake. Ofisi yenye mchanganyiko itahitaji mbili. Angalia biti za kila mashine kwenye «File > Account > About Access» kabla ya kusambaza. Mashine utakayoisahau huwa ni ya mhasibu.